Jinsi ya kutumia QGIS kubashiri dhahabu iko upande gani: mwongozo kamili, mfano wa Busia

Mara ya kwanza nilipotafuta dhahabu kwa kompyuta nilijikuta nimesimama kwenye shamba la muhogo la mama mmoja huku Busia ya Uganda, GPS inaniambia hapa ndio mashimo ya zamani yalipo, mama naye ananiangalia tu ananiambia mwanangu, mimi nimeolewa hapa miaka arobaini, sijaona shimo. Nilirudi siku tatu mfululizo, nikadhani limefukiwa, nikachimbachimba na jembe la kuazima mpaka wajukuu zake wakanizoea. Mashimo yalikuwepo kweli, ila yalikuwa kusini ya pale karibu mita 300, na kosa lilikuwa langu mwenyewe kwenye laptop. Nitaeleza ni kosa gani tukifika kwenye hatua yake, sababu ndilo linawapata wengi.

Sasa tuelewane kwanza. Hakuna programu inayoona chini ya udongo, hata hii QGIS ya kuchora na kukokotoa ramani. Unachofanya ni kuchukua sehemu ambazo dhahabu imeshapatikana, unauliza hizi sehemu zinafanana kwa nini, ni mwamba, ni ufa, ni sumaku, ni mto, halafu unaiambia kompyuta initafutie sehemu zingine zenye sura hiyo hiyo. Kama una kilomita za mraba 1000, ramani ikifanywa vizuri itakuambia anza kutembea kwenye hizi 100. Kazi iliyobaki ni ya miguu na karai la kuoshea mchanga.

Na ujifunze kupiga hesabu kabla ya kuamini mtu. Mnakumbuka 2022 msemaji wa wizara alipotangaza Uganda ina tani milioni 31 za mawe ya dhahabu, zitatoa tani 320,158 za dhahabu safi? Gawanya tu na kalkuleta ya simu: hiyo ni kama kilo 10 za dhahabu kwa kila tani ya jiwe, wakati migodi mingi mikubwa duniani inaishi kwa gramu chache tu kwa tani. Na dhahabu yote iliyochimbwa tangu binadamu aanze kuchimba ni kama tani laki mbili na kitu. Mtu akikuletea namba, hata ramani yako mwenyewe ikikuletea namba, igeuze kwanza uone mgongo wake.

Kabla ya kuwasha laptop: jua unatafuta dhahabu ya aina gani

Watu wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja kudaunlodi picha za satelaiti, halafu wanashangaa ramani imetoka rangi nzuri na haina maana. Uganda hii dhahabu yake si ya sura moja. Huku Busia na Namayingo tuko juu ya mkanda wa miamba ya kijani, miamba ya volkano ya kale sana yenye umri zaidi ya miaka bilioni 2.5, ndio ule ule unaovuka mpaka kwenda Kakamega, kule watu walikokimbilia dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ni jamaa moja na ya Migori na Geita. Dhahabu yake inakaa kwenye mishipa ya kwatzi, hilo jiwe jeupe kama sukari iliyoganda, kwenye sehemu ambapo miamba ilisuguana na kukatika. Mubende na Kassanda ni miamba mingine, ya umri mdogo kuliko ya kwetu. Buhweju watu wamekula dhahabu ya mchanga wa mito miaka mingi. Karamoja nako, Moroto, Kaabong, Amudat, ni habari nyingine kabisa na ardhi yake ni kavu, ambayo kwa kazi ya satelaiti ni baraka.

Kwa hiyo usichukue ramani ya Busia ukainakili Buhweju. Andika kwenye karatasi vitu vinne: maji ya moto yaliyobeba dhahabu yalitoka wapi, yalipita njia gani, nini kiliyasimamisha yakaiacha dhahabu, na je mvua na mito ya miaka mamilioni imeiacha ile sehemu au imeshaisomba. Kwa Busia jibu langu ni hivi: njia ni nyufa na mikanda ya msuguano, kilichosimamisha ni mipaka ya miamba tofauti (volkano ikigusana na granaiti, au ile miamba ya mistari ya chuma), na kilichosombwa kinaonekana kwenye vijito. Kila kitu kwenye hiyo sentensi kitakuwa leya moja, yaani tabaka moja, kwenye ramani, na kile ambacho hakimo usikiweke hata kama data yake ni ya bure.

Kukusanya data

Programu ni QGIS, ya bure, inafanya kazi hata kwenye laptop ya RAM giga 8 ukivumilia. Ukiweka QGIS unapata na zana za GRASS humo humo, tutazihitaji kwenye mito.

Miinuko ya ardhi: chukua SRTM ya mita 30 (kila nukta ya picha ni mita 30 za ardhi), ile iliyopigwa na chombo cha anga Februari 2000, au Copernicus ya mita 30 ambayo mimi naipenda zaidi kwa usafi. Bure zote.

Picha za satelaiti: Sentinel-2, bure, bendi za rangi za kawaida ni mita 10 na zile tunazozitaka za mionzi tusiyoiona ni mita 20. Picha moja ni karibu giga nzima kwa hiyo nunua bando la usiku. Chagua miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Februari kwa huku kwetu, majani yakiwa yamepungua na mashamba yamelimwa.

Ramani ya miamba na data ya ndege: hii ni Entebbe, kwenye idara ya jiolojia na migodi, DGSM. Kati ya miaka ya 2006 na 2009 hivi ndege zilipita juu ya karibu asilimia 80 ya nchi zikipima sumaku na mionzi ya ardhi, mistari ikiachana mita 200, Karamoja ikaachwa sababu ya usalama wa wakati ule na ikaja kurushwa baadaye. Baada ya hapo Wafini wa GTK, idara ya jiolojia ya kwao, na wenzao wakachora upya ramani ya miamba ya nchi. Hii ni hazina jamani, nchi nyingi hazina, na wachimbaji wengi hawajui hata ipo. Data yenyewe utailipia, nenda na barua yako, uliza bei ya eneo dogo tu unalolihitaji.

Sehemu zenye dhahabu inayojulikana: ripoti za zamani, ramani za zamani za 1:50,000, na wazee. Usidharau wazee. Mzee aliyechimba Tira au Amonikakinei, machimbo ya huku Busia, miaka ya nyuma anajua mashimo ambayo hayako kwenye karatasi yoyote, mnunulie chai na chapati, tembea naye na GPS. Andika kila pointi: koodineti, nani alikuambia, dhahabu ya mwamba au ya mchanga, na uliiona kwa macho au uliambiwa tu.

Na usisahau kuangalia kwenye ramani ya leseni mtandaoni nani tayari ana eneo. Nimeona kijana kafanya kazi ya miezi, ramani safi, sehemu nzuri yote iko ndani ya leseni ya kampuni.

Koodineti, hapo ndipo nilipozama

Ramani za zamani za Uganda zilipimwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. GPS ya simu yako inatumia WGS84. Namba zinafanana sura, ukiziandika hakuna atakayekuambia umekosea, lakini ukichukua koodineti za ramani ya zamani ukaziingiza kama WGS84 unahama karibu mita 300, na mshipa wa kwatzi una upana wa mita moja au mbili tu! Ndio nikajikuta kwa yule mama wa muhogo.

Dawa ni hii. Ramani ya zamani ukiiskani na kuiweka kwenye jiorefarensa ya QGIS (zana ya kubandika ramani mahali pake), ipe mfumo wake halisi kwa namba ya EPSG, kila mfumo wa koodineti una yake: EPSG:21096 ni Arc 1960 UTM (koodineti za mita) kanda ya 36 kaskazini mwa ikweta, EPSG:21036 ni kusini mwa ikweta. Ukimaliza ndio unaibadilisha kwenda EPSG:32636, ambayo ni WGS84 ya kaskazini. Kama uko Buhweju uko chini ya ikweta, tumia 32736. Kama uko mbali magharibi, ng'ambo ya longitudo 30, kanda inakuwa ya 35. Leya zote ziwe mfumo mmoja, usiamini ile tabia ya QGIS ya kuzipanga zenyewe kwenye kioo, sababu kwenye kioo zinakaa vizuri ila ukianza kukokotoa zinagoma au zinakudanganya.

Halafu jaribu: chukua kitu ambacho kipo kwenye ramani ya zamani na kipo mpaka leo, njia panda, daraja, kanisa, kiweke juu ya picha ya satelaiti. Kikiachana zaidi ya mita 50, rudi nyuma. Mimi sasa siendi hatua nyingine kabla ya kufanya hili.

Kutengeneza leya

Tuchukue boksi la kilomita 25 kwa 40, yaani kilomita za mraba 1000, na rasta zote (leya za vimraba) uzifanye pikseli, yaani vimraba, vya mita 100. Watu wanapenda pikseli ndogo, ati ramani ionekane kali. Ramani ya miamba imechorwa kwa jumla jumla, ukiikata pikseli za mita 10 unajidanganya tu.

Miamba. Kila aina ya mwamba mpe alama kati ya 0 na 1. Mimi Busia volkano ya kijani na miamba ya chuma naipa alama ya juu, mashapo ya kale alama ya katikati, granaiti ya ndani kabisa alama ya chini. Lakini kitu muhimu zaidi ni mipaka: toa mistari ambapo granaiti inagusana na volkano, pima umbali kutoka mistari hiyo, hiyo iwe leya yake.

Nyufa. Hii ndiyo leya tamu na ndiyo yenye mitego. Kwenye DEM, ile data ya miinuko, tengeneza kivuli cha vilima, lakini si kimoja, tengeneza minne, jua likitoka kaskazini, kaskazini mashariki, mashariki, na kusini mashariki, jua liwe chini kama digrii 30 hivi. Sababu ni kwamba mstari uliolala sambamba na mwanga haupigi kivuli, hauonekani kabisa, na ukitumia kivuli kimoja utachora nyufa za upande mmoja tu halafu utaandika ati nyufa za eneo hili zinaelekea upande huu, kumbe ni jua lako. Chora mistari kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono, zile programu za kuchora zenyewe nimezijaribu, zinachora barabara, nguzo za umeme, mipaka ya mashamba ya miwa, zote zinaziita nyufa. Kila mstari ukishauchora uangalie juu ya picha ya satelaiti, kama ni barabara ya boda futa.

Mistari inayoonekana kwenye vivuli na pia kwenye sumaku ipe uzito mkubwa kuliko inayoonekana sehemu moja. Halafu pima umbali kutoka kila mstari, na pia hesabu sehemu mistari inapokutana, njia panda za nyufa, maana hapo maji ya moto yalipata nafasi.

Sumaku. Data ya ndege ukiiweka utaona milima na mabonde ya rangi. Miamba ya chuma inang'aa sana. Mikanda ya msuguano mara nyingi inaonekana kama mistari myeusi iliyofifia, kwa sababu yale maji ya moto yaliharibu madini ya sumaku. Sasa vitabu vingi vya ng'ambo vinakuambia ufanye ile hesabu ya kupeleka sumaku kwenye ncha ya dunia. Sisi tuko ikweta ndugu zangu. Huku sumaku ya dunia imelala karibu na usawa wa ardhi, ile hesabu inatetereka, inazaa michirizi ya kaskazini kwenda kusini ambayo haipo. Tumia ile inayoitwa analitiki signo, haijali sana sumaku imeinama vipi, inakuonyesha tu kingo za miamba ziko wapi. Ukinunua data uliza kama leya hiyo imeshatengenezwa, mara nyingi ipo tayari, usijitese.

Mionzi. Ndege ilipima potasiamu, thoriamu na urani. Sehemu zilizopikwa na maji ya moto mara nyingi potasiamu imepanda, lakini granaiti nayo ina potasiamu nyingi, kwa hiyo usitazame potasiamu peke yake, gawanya potasiamu kwa thoriamu. Kumbuka tu kipimo hiki kinaona sentimita thelathini arobaini za juu, basi. Kama juu kuna udongo uliosombwa kutoka mahali pengine, unasoma udongo wa mahali pengine.

Satelaiti. Kwenye kikokotoo cha rasta, bendi ya 4 gawanya kwa bendi ya 2 unapata chuma kilichoota kutu, bendi ya 11 gawanya kwa ya 12 unapata udongo wa mfinyanzi na ndugu zake. Kila mtu anapenda hizi picha, rangi zinapendeza ukiwaonyesha wawekezaji. Mimi huku Busia nazipa uzito mdogo sana. Ardhi yetu imefunikwa na migomba, miwa, mihogo na ule udongo mwekundu wa laterite ambao wote una chuma, kwa hiyo leya ya chuma inakuonyesha wapi watu wamelima wiki iliyopita. Lazima kwanza ufiche sehemu zenye majani kwa NDVI, kipimo cha satelaiti cha ukijani wa majani, na ukishaficha unabaki na vipande vipande. Moroto au Kaabong ni tofauti, kule mwamba uko uchi, leya hii hii inakuwa ya maana.

Mito. Hapa kuna kosa moja la kila mtu. Ulipiga karai kwenye kijito ukaona chembe tano. Unaweka pointi pale, unapima umbali kutoka pale. Lakini dhahabu haikuzaliwa pale! Imeshuka kutoka juu. Tumia zana ya GRASS ya mabonde ya mito, ipe DEM na ile pointi, itakuchorea eneo lote ambalo maji yake yanapita hapo. Lile eneo zima ndilo linapata alama. Kama kijito cha pembeni ulikipiga karai na hakikuwa na kitu, bonde lake unalitoa, na hivyo hivyo unabana mpaka unabaki na kilima kimoja. Hii leya moja ikifanywa vizuri inashinda satelaiti zote za dunia, na gharama yake ni karai na viatu vya mpira.

Kupima uzito kwa pointi zako

Hapa kuna njia mbili za watu. Ya kwanza unakaa na mtu anayejua miamba mnakubaliana uzito. Kuna ile ya Saaty ya kulinganisha vitu viwili viwili, kipi muhimu kuliko kipi, inasaidia mkiwa wengi mnabishana. Uzito wangu wa kuanzia Busia: umbali wa nyufa 0.30, miamba na mipaka yake 0.25, mabonde ya mito 0.20, sumaku 0.15, mionzi 0.07, satelaiti 0.03. Jumla iwe 1. Karamoja ningeipandisha satelaiti mpaka 0.15 na kushusha mito, kule mito inapita siku chache kwa mwaka.

Njia ya pili unaacha pointi zenyewe ziseme. Inaitwa uzito wa ushahidi, Bonham-Carter na Agterberg ndio waliileta kwenye kazi ya dhahabu Kanada miaka ya 1980. Hesabu yake usiogope, ni hii. Tuseme (huu ni mfano wa kufundishia) una pointi 20 za dhahabu kwenye zile kilomita 1000. Eneo lililo ndani ya kilomita moja kutoka nyufa ni kilomita za mraba 300, na ndani yake kuna pointi 14. Yaani asilimia 70 ya dhahabu iko kwenye asilimia 30 ya ardhi. Gawanya 70 kwa 30 unapata 2.3, maana yake karibu na ufa una nafasi mara mbili na zaidi kuliko kutembea ovyo. Ukichukua logariti ya asili (ln kwenye kalkuleta) ya 2.3 unapata 0.83 hivi, huo ndio uzito wake kwa karibu. Kama jibu la kugawanya lingekuwa 1, logariti ni sifuri, hiyo leya haijui chochote, itupe. Likiwa chini ya 1 ina maana dhahabu inaikimbia sehemu hiyo, na hiyo nayo ni habari.

Rudia kwa umbali tofauti, mita 250, 500, 1000, 2000, uone wapi namba inakuwa kubwa zaidi kisha inaanza kushuka. Hapo ndio unakata bafa yako, yaani ukanda wa kuzunguka ufa. Mtu akikuambia bafa ni kilomita moja kwa sababu ndivyo alivyosoma, muulize alisoma kwa dhahabu ya wapi.

Mimi nafanya njia zote mbili. Zikikubaliana naenda shambani. Zikipingana narudi kwenye pointi.

Sababu pointi ndizo zinazodanganya zaidi. Kilima kimoja kina mashimo arobaini ya wachimbaji, ukiweka pointi arobaini kompyuta itafikiri kilima kile ndio dunia nzima. Nabakisha pointi moja kwa kila mita 500. Pili, wachimbaji wadogo wanachimba karibu na barabara na maji, siyo kwamba dhahabu inapenda barabara, ni kwamba boda inafika. Fanya jaribio dogo, pima umbali kutoka barabara kama vile ungepima nyufa. Mimi nilipofanya, barabara ilishinda sumaku! Nikacheka peke yangu. Ukiona hivyo jua ramani yako inabashiri wapi watu wanafika, basi tafuta pointi za mbali na barabara hata kama ni tano tu.

Na usihesabu kitu kimoja mara mbili. Ufa wa kwenye ramani ya miamba, ufa wa kwenye kivuli na ufa wa kwenye sumaku, ukiviweka leya tatu umempa shahidi mmoja nafasi ya kusema mara tatu. Viunganishe viwe leya moja.

Kuunganisha na kujijaribu

Kila leya iwe kati ya 0 na 1, kisha kwenye kikokotoo cha rasta zidisha kila leya kwa uzito wake, jumlisha zote. Imetoka. Kuna njia ya fazi gama pia, inayochanganya kuzidisha na kujumlisha, gama ya 0.8 au 0.9, nzuri ukiwa na leya ambazo ukikosa moja zingine hazina maana. Kuna na msitu wa nasibu (random forest), njia ya mashine kujifunza yenyewe kutoka kwenye pointi. Kwa pointi ishirini sikushauri, mashine itakariri pointi zako kama mtoto anayekariri mtihani wa mwaka jana.

Usipake rangi kwa kupenda. Gawa kwa eneo: asilimia 10 ya juu nyekundu, 10 inayofuata rangi ya chungwa, zilizobaki kijivu. Watu wanaopaka nusu ya ramani nyekundu wanauza ramani, hawatafuti dhahabu.

Sasa jaribio. Kabla hujaanza kazi yote ulitakiwa uwe umeficha pointi kadhaa. Kama ulikuwa na 28, ficha 8, tumia 20. Na usifiche moja moja kati ya zingine, ficha kilima kizima, kijiji kizima, ili jaribio liwe la kweli. Ramani ikishatoka zirudishe hizo 8 uone zimeangukia wapi. Kwa bahati tu, kwenye asilimia 20 ya juu ungetegemea pointi moja au mbili. Zikiingia sita, vizuri. Zikiingia mbili, ramani yako ni picha ya ukutani. Mimi ramani yangu ya kwanza ilipata mbili, ya pili tatu, ya nne ndio ilipata sita, na kilichobadilika siyo programu, nilirekebisha koodineti na nikafuta barabara zilizojifanya nyufa.

Kwenda shambani

Madini yote ya Uganda ni ya serikali, katiba ya 1995 kifungu cha 244 inasema hivyo, na kuna sheria ya madini ya 2022. Kwa hiyo hata kama shamba ni la baba yako, kuzunguka ukitafuta madini kunahitaji kibali cha kutafuta kutoka DGSM, na ruhusa ya mwenye ardhi juu yake. Pita kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kabla hujatoa karai kwenye gari. Mgeni mwenye GPS anayetembea kwenye mashamba ya watu Busia, wanakijiji wanadhani umekuja kuwapima wafukuzwe, na huwezi kuwalaumu, kule Mubende 2017 maelfu walifukuzwa kwenye mashimo kwa siku chache.

Weka mradi wako kwenye QField ya simu, inasoma faili za QGIS na inafanya kazi bila mtandao. Chagua sehemu tano nyekundu, na sehemu mbili za kijivu pia, usicheke, za kijivu ndizo zitakuambia kama nyekundu ina tofauti yoyote. Kwenye kijito chukua changarawe za chini kabisa, zile zilizolala juu ya mwamba, nyuma ya mawe makubwa au ndani ya kona ambapo maji yanapunguza kasi. Kiasi kiwe kile kile kila mara, mimi natumia ndoo moja ya lita 10 iliyochujwa, piga karai, hesabu chembe. Chembe zenye kona kali hazijasafiri mbali. Zilizo laini na bapa kama pesa zimetembea. Kwenye kilima angalia vipande vya kwatzi juu ya ardhi, hasa vile vyenye matundu ya kutu ambapo madini ya salfa yalioza yakatoka. Mashimo yaliyoachwa usiyakaribie ukingo msimu wa mvua, yanabomoka kimya kimya.

Jioni, kabla hujaoga, ingiza kila karai kwenye faili, chembe ngapi, saa ngapi, nani alipiga, hata lile lililotoka tupu kabisa andika sifuri, na bonde lake ulitoe kwenye ramani ya kesho.